KUZIBA SI KUSHIKA



Wazee walituachia methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli, lakini kwa fundi wa tiyo ina hatari yake, kwa sababu inamfanya afikiri kwamba kazi imekwisha pale maji yanapoacha kuvuja. Kuunga tiyo ni kazi mbili. Ya kwanza ni kuziba, ili maji au hewa isitoke. Ya pili ni kushika, ili tiyo mbili zisiachane zinapovutwa. Kazi ya kwanza inaonekana kwa macho. Ya pili haionekani mpaka siku ya ajali. Maoni yangu ni haya: tunaheshimu sana kuziba na tunadharau kushika, na tabia hiyo lazima iishe.

Nieleze kwa nini nasema hivyo. Miaka mingi iliyopita, katika chimbo moja la milimani, nilikuwa kijana katika ekipi ya mashini za kutoboa mawe. Mpira wa hewa ulipasuka karibu na ncha yake. Depo haikuwa na kolie. Tukakata sehemu mbovu, tukaurudisha mpira kwenye kiungo, tukauzungushia waya mara tano na kuukaza kwa koleo. Tulifungua hewa kidogo, tukasikiliza: kimya, hakuna mlio wa kuvuja. Shefu akasema vizuri, tukaendelea. Baada ya muda, kwa joto na kwa kutikisika kwa mashini, mpira ukachomoka. Ukaanza kujipiga huku na huku kama nyoka aliyejeruhiwa, na ncha yenye waya ikampiga mwenzangu usoni. Alipoteza jicho moja. Alikuwa ameoa mwaka uleule. Waya wetu uliziba vizuri kabisa, lakini haukushika.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu hii si ya maenjinia peke yao. Tiyo yenye upana wa milimita 100 ndani, maji yakiwa na presio ya bari 10, mwisho wake unasukumwa kwa nguvu ya kilo 800 hivi. Hiyo ni mifuko 16 ya simenti. Tiyo ya milimita 200, kwa presio ileile, inasukumwa kwa kilo 3,200, yaani mifuko 64. Mwone: upana umeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne. Na mahali ambapo tiyo inapinda kona kamili, nguvu ya kuitoa kona ile mahali pake inafika tani 4 na nusu. Siku ya kujaribu tiyo, presio mara nyingi inapandishwa mara moja na nusu, na kona ileile inasukumwa kwa karibu tani 7. Hata ule mpira wa hewa wa milimita 50, kwa bari 7, unavutwa kwa kilo 140. Nani kati yetu angekubali kuning'inia pamoja na mwenzake kwenye waya uliozungushwa mara tano?

Tena hewa ni mbaya kuliko maji. Maji hayakubali kubanwa, kwa hiyo kiungo kikiachana presio yake inashuka upesi. Hewa iliyobanwa ni kama springi: inaendelea kusukuma na kurusha vyuma hata baada ya kiungo kuachana. Ndiyo sababu tiyo ya maji hujaribiwa kwa maji, si kwa hewa ya kompreseri.

Wengine watasema: kwenye kona tunaweka jiwe kubwa la simenti, linatosha. Ni kweli, jiwe hilo linasaidia, mradi ardhi iliyo nyuma yake imetulia. Lakini sisi wa Goma tunaijua ardhi yetu. Mawe ya volkano ni magumu kuchimba, kwa hiyo tiyo nyingi zinalala juu au katika mfereji mfupi, bila udongo wa kuzikumbatia. Mahali pengine udongo mzito husaidia kuizuia tiyo isiteleze. Hapa msaada huo ni mdogo. Na chini ya ganda gumu la volkano mara nyingi kuna mapango na kokoto zisizoshikana.

Halafu ardhi yenyewe inatembea. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka na moto wake ukapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka tena. Moto ulisimama kaskazini, karibu na mji, lakini uliharibu tiyo za maji, na mamia ya maelfu ya watu wakabaki bila maji safi. Tusidanganyane: hakuna kiungo kinachoweza kushindana na moto wa volkano. Lakini kumbukeni siku zilizofuata. Ardhi ilitetemeka mchana na usiku, nyufa zikaonekana barabarani na ndani ya nyumba, na tarehe 27 Mei wakaaji wa mitaa mingi wakaamriwa kuondoka. Ufa unapopita chini ya tiyo, unaivuta. Kiungo kilichozibwa tu kinachomoka. Kiungo kilichoshikwa kina nafasi ya kubaki.

Tena hilo ni jambo la afya. Kiungo kikiachana presio inashuka, na maji machafu yaliyo nje yanaweza kuingia ndani ya tiyo. Robine zikikauka, mama na watoto wanabeba bidoni kwenda ziwani. Kipindupindu tunakijua. Mwaka 1994 kiliua watu kwa maelfu katika kambi za wakimbizi hapa hapa.

Wajapani, ambao nao wanaishi juu ya ardhi inayotikisika, walilitafutia dawa jambo hili tangu miaka ya 1970. Ndani ya mdomo wa tiyo moja wanaweka pete ya chuma. Ncha ya tiyo nyingine ina ukingo ulioinuka. Kiungo kinaruhusiwa kusogea ndani na nje: kwa tiyo ya mita 5, sentimita 5 hivi. Kikifika mwisho, ukingo unakwama kwenye pete, na tiyo ya kwanza inaivuta ya pili, ya pili inaivuta ya tatu, kama mnyororo. Kwa tiyo ya milimita 100, daraja la juu la viungo hivyo linatakiwa kustahimili mvuto wa tani 30 hivi. Kuna mpira wa kuziba na kuna pete ya kushika, kila kimoja na kazi yake.

Si lazima tununue tiyo za Japani. Vitu vya kushika tunavijua. Tiyo za plastiki nyeusi zikiunganishwa kwa moto, kiungo kinaweza kuwa na nguvu kama tiyo yenyewe, lakini kwa masharti: ncha zikwanguliwe, zisiguswe na vumbi wala mvua, na baada ya kushikana ziachwe zipoe bila kutikiswa. Tiyo za sahani na bulo zinashika, ikiwa bulo zote zipo na zimekazwa kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Tiyo inayoingia ndani ya nyingine itiwe alama kabla, ili kila mtu aone kama imefika mwisho. Viungo vya hewa vyenye meno viwekwe pini yake, na juu yake kamba ya chuma ya kuushika mpira ukichomoka. Pini haifiki hata urefu wa kidole, lakini ndiyo inayolinda jicho.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wanaochora kazi waonyeshe kwenye mchoro, katika kila kona, kila njia panda, kila mwisho na kila vane, ni kitu gani kinachoshika. Pili, depo isikose kolie, pini na kamba, na waya wa kufungia mipira ya hewa upigwe marufuku kabisa. Najua watu wa hesabu watalalamika kwamba vitu hivi vinaongeza gharama. Waje waulize bei ya jicho. Tatu, vane isifunguliwe mpaka mtu wa pili, asiyefunga kiungo kile, akitazame na kukubali. Mfanyakazi anayesema "bado" asiadhibiwe kwa kuchelewesha kazi. Siku ile ya waya, kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba si sawa. Hakuna aliyesema, kwa sababu tulimwogopa shefu kuliko tulivyoogopa hewa.

Nawe ndugu uliyeshika kle, kabla ya kuondoka kwenye kiungo usijiulize tu, "Kinavuja?" Jiulize pia, "Kikivutwa, ni nini kitakachokizuia?" Kama huna jibu, kazi haijakwisha. Funga hewa, toa presio yote, uanze upya.