Karema Haijasahauliwa

Kuna insha ambayo vijana wa rika langu tunaiandika kila mwaka, na kila mwaka tunaipongeza. Mwandishi anatoka mjini, anapanda gari, barabara inaharibika, simu inapoteza mtandao, halafu linatokea ziwa. Mtoto anatabasamu. Mzee amekaa chini ya mwembe. Jua linazama juu ya maji, na kabla ya aya ya mwisho tumeshaambiwa kwamba huku muda umesimama, kwamba hiki ni kijiji kilichosahauliwa, mbali na kila kitu.

Hivi karibuni nilitumiwa mbili za namna hiyo kuhusu Karema, na aliyenitumia akauliza: "Hii si huko kwenu?" Ni kwetu, kwa hesabu za mkoa. Mimi ni wa Mpanda, na mwambao wa Ziwa Tanganyika nimeufikia kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, si kwa kuzaliwa. Lakini nimekaa kule muda wa kutosha kujua kwamba insha zile zinasema uongo, na uongo wenyewe una gharama.

Tuanze na hilo neno, kusahauliwa. Mwaka 1879, kabla Dodoma au Nairobi hazijawa miji, Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo cha Mfalme Leopold wa Pili, walijenga kituo Karema chini ya Ernest Cambier. Hawakupotea njia wakafika pale kwa bahati mbaya. Walitaka kuvuka ziwa kuingia Kongo, wakapachagua. Mwaka 1885 Leopold alipoelekeza macho yake ng'ambo, kituo kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale wa Kardinali Lavigerie. Miaka michache baadaye akafika Adrien Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa Algeria na kusomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Jimbo Katoliki lililoundwa mwaka 1953 liliitwa Jimbo la Karema, na ni mwaka 1969 tu ndipo jina hilo liliondolewa likawa Sumbawanga.

Sehemu yenye historia hiyo haijasahauliwa. Imetumiwa, na walipomaliza shughuli zao wakasogeza kitovu kwenda bara. Anayeandika "imesahauliwa" anaifuta hiyo hatua ya pili, ile ambayo watu wenye majina na vyeo waliamua jambo.

Neno la pili ni mbali. Chukua ramani na rula. Kutoka Karema hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 1,000 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Karema hadi Moba, upande wa Kongo, hazifiki 100, karibu sawa na kwenda Mpanda. Mfanyabiashara wa mchele niliyepanga kwake alikuwa na ndugu kule, madeni kule, na habari za bei za kule kabla mimi sijajua bei za Mpanda. Waholoholo wako pande zote mbili za maji. Nilipomwambia kwamba mjini tunasema Karema iko mbali, hakukasirika. Aliniuliza tu kama nimewahi kuvuka. Sikuwa nimevuka. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekuja sokoni akaishia kwenye geti.

Sisi wa Mpanda tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, maana mji wetu wenyewe una njia moja ya reli inayotoka Kaliua na kuishia hapo, na kwa miaka mingi tumechekwa kwa kuwa mwisho wake. Reli hiyo Waingereza waliimaliza mwaka 1950, na sababu yake ilikuwa madini ya risasi. Hakuna aliyesema Mpanda ni mbali mno wakati mzigo ulikuwepo.

Na serikali ya leo? Haioni Karema kuwa mbali inapokuwa na haja nayo. Bandari imejengwa pale kwa zaidi ya shilingi bilioni 47. Reli ya kisasa ya kutoka Kaliua kupitia Mpanda imepangwa kuishia hapo hapo. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa ziwa zima kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, agizo lilifika kila mwalo bila kupotea njia. (Sibishani na kufungwa kwenyewe, dagaa na migebuka wanapungua, wavuvi wanasema hivyo bila kusubiri mtafiti.) Ninachosema ni kwamba umbali huu una tabia ya ajabu: agizo linaupita, zege la bandari linaupita, ila mganga na mwalimu wa hisabati wanakwama.

Wakati wa kurudi, msimu wa masika, kiti cha mbele cha gari letu alikaa dada mjamzito mwenye barua ya rufaa kwenda Mpanda. Mguu ulikuwa umevimba, mama mkwe wake kamshikia begi. Gari lilisimama mara tatu kupakia magunia ya dagaa, kisha likanasa kwenye tope, wanaume tukashuka kusukuma. Tulitumia zaidi ya saa saba. Barabara ya Kagwira kupitia Ikola hadi Karema, kama inavyotajwa kwenye hotuba za bajeti, ni kilometa 112. Kwa lami hiyo ni safari ya saa moja na nusu, mbili ukiwa na dereva mwoga. Dada yule alijifungua salama, nilipata habari baadaye. Lakini kwenye insha ya machweo angekuwa picha: mama wa pembezoni, mvumilivu, anayeteswa na umbali. Umbali wa kilometa 112 haumtesi mtu. Kilichomtesa kilikuwa kwenye orodha ya mipango, na orodha ina mtu anayeipanga.

Nitaambiwa kwamba bila insha hizo nani angeisikia Karema. Swali zuri, na jibu langu ni kali kidogo: wanaoisikia kwa njia hiyo wanajifunza kuihurumia, na anayehurumiwa hapangiwi bajeti, anapelekewa madaftari. Ukiandika kwamba kijiji kiko mwisho wa dunia, umeshamwandikia ofisa sababu ya kutokwenda. Ataisoma kwa furaha. Pengine ataitumia kama alivyoikuta.

Kwa hiyo wahariri, ombi langu ni dogo. Ikija insha nyingine yenye jua linalozama ziwani, msiikatae kwa ajili ya jua. Jua la kule kweli ni zuri, mimi mwenyewe nililipiga picha kumi na tano. Mrudishieni mwandishi na maswali. Nauli ya boti kwenda Moba ni kiasi gani? Mchele unauzwaje ng'ambo? Zahanati ina watumishi wangapi, na inatakiwa kuwa na wangapi? Lile gari lilinasa kilometa ya ngapi, na hapo pamepangiwa fedha mwaka gani? Akishajibu, mpeni nafasi ya maneno elfu tatu.