Sindano Kwanza, Santuri Baadaye



Mfungo Mosi huu tulivuka bahari kwenda harusini Chanika, Dar es Salaam. Tulishuka bandarini, tukapita Gongo la Mboto na Pugu, na kufika tukakuta nyumba ina ugomvi. Haukuwa wa mahari wala wa sare. Ulikuwa wa santuri.

Bibi yake biharusi ni mtu wa Unguja aliyeolewa bara zamani. Alikuja na mashine ya kupigia santuri na kasha la sahani zake: kadhaa za taarabu zilizotolewa Mombasa kwa jina la Mzuri, na moja nzito ya Siti binti Saad. Biharusi alitaka zipigwe usiku wa hina. Bibi akakataa, sindano imekwisha.

"Mara moja tu, bibi."

"Hiyo mara moja ndiyo inayoharibu, mke mwenzangu."

Vijana wakamwona mgumu. Mama mdogo akashauri inunuliwe spika mpya na mashine itupwe, kwani nyimbo zote zimo kwenye simu.

Sisi tunasimama na bibi, na sababu tunazo.

Ncha ya sindano ya santuri ni kijiwe kidogo cha almasi au yakuti. Ndiyo, almasi ileile mnayoitamani kwenye pete, ile inayochimbwa Mwadui kule Shinyanga. Kijiwe hiki hupita ndani ya mfereji wa sahani na kugusa kuta zake. Kikiwa kizima huteleza. Kikilika hutoka bapa na kingo kali, na hapo hakisomi tena, kinachonga. Ncha ya almasi hudumu kiasi cha saa 500 hadi 1,000 za kupigwa. Ya yakuti huchoka mapema zaidi. Dalili ni herufi "s" kukwaruza na sauti ya juu kupasuka, hasa karibu na mwisho wa sahani. Ukisikia hivyo, nyanyua mkono wa mashine. Nguo iliyochanika hushonwa, lakini mfereji uliochongwa haushoneki.

Siti alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake. Safari yote ile, kisha sisi tuje kuifuta kwa haraka ya usiku mmoja?

Tulimpeleka bibi kwa fundi redio palepale Chanika. Akatazama kwa lenzi, akasema, "Bi mkubwa, umesema kweli." Akatueleza kwamba kwenye vichwa vingi sindano huchomolewa na kuvishwa nyingine, bila kubadili kichwa kizima. Hata kama aliyekitengeneza kichwa ameacha kazi hiyo, kama Shure ya Marekani ilivyofanya mwaka 2018, wapo wengine wanaotoa sindano za kulingana nacho, mfano JICO ya Japani. Viko pia vichwa ambavyo sindano imeshikana na koili ndogo mno ndani yake. Hivyo hupelekwa kwa fundi maalumu, akabandika ncha mpya kwenye kijiti kilekile. Asikudanganye mtu kwa gundi ya dukani.

Jambo jingine: sahani za zamani za mizunguko 78 zina mfereji mpana. Sindano nyembamba ya santuri za siku hizi huzama chini na kukwaruza. Kwa hiyo ile ya Siti inahitaji sindano yake mbali.

Kichwa cha bibi kilikuwa cha kuchomoa. Sindano mbili zikaagizwa, na hazikuwahi harusi. Usiku wa hina bibi aliimba mwenyewe, wanawake wakapiga makofi, na biharusi akalia.

Zilipofika, biharusi alirudi kwa bibi yake wakasikiliza pamoja. Sahani moja ya Mombasa ilikuwa imeshakufa. Miaka iliyopita mtu aliipiga na sindano mbovu bibi akiwa hayupo. Kulibaki mkwaruzo na neno moja moja. Ilikuwa zawadi ya marehemu mumewe. Kwenye simu wimbo ule hatukuupata.

Tunajua suala la ala za muziki lina kauli za masheikh, na kila mmoja amuulize wake. Lakini santuri hazikubeba taarabu peke yake. Hata usomaji wa Qur'ani wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri ulitolewa kwenye santuri. Kilichomo kwenye kasha la bibi yako pengine hukijui bado, na tayari ni amana.

Maharusi wetu, tumezoea kuona kipya ndiyo heshima na kutengeneza ndiyo unyonge. Tunatupa kizima kwa sababu kijiwe kimoja kimelika, kisha tunaita maendeleo. Hiyo ni israfu. Ukirithishwa mashine, usiulize kwanza kama inalia. Uliza sindano yake ina umri gani. Kama hakuna ajuaye, ibadilishe kabla sahani haijazunguka. Ikishalia vizuri, rekodi sauti zile kwenye simu yako, na sahani zipumzike.

Na akikwambia bibi "subiri", subiri, mwanangu. Allah awabariki katika ndoa zenu na awahifadhie wazee wenu. Amin.