Mkono Haufundiki kwa Wiki Mbili

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Niliukumbuka usemi huu mjini Hola, kijana mmoja aliponionyesha kipande cha alumini kilichotoboka mara tatu. Alikuwa amejifunza kuchomelea kwa mtambo wa TIG wiki mbili tu. "Mwalimu," aliniambia, "mimi sina mkono wa kazi hii."

Mkono anao. Alichokosa ni mtu wa kumwambia ukweli mapema. Chuma huiva kikawa chekundu kabla ya kuyeyuka; alumini haitoi onyo hilo. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, ilhali utando wa oksidi ulioifunika hauyeyuki mpaka nyuzi zipite 2,000. Ndiyo sababu husafishwa kwanza kwa brashi, kisha huchomelewa kwa umeme wa mkondo geu, unaouvunja utando huo. Tena hupitisha joto upesi, hata umeme uliofaa mwanzo wa mshono hutoboa mwisho wake.

Mkono mmoja hushika tochi, wa pili hulisha ufito, na mara nyingi mguu hupimia umeme kwa pedali. Fundi aliyezoea kuchomelea mageti nje, chini ya mwarobaini, atashangaa kuona upepo mdogo tu ukiipeperusha gesi ya agoni inayoukinga mshono.

Sisi wa isimu twajua kuwa fundi, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya shina moja. Hakuna anayejifunza lugha leo akatunga shairi kesho. Vivyo hivyo, mwanagenzi na aanze kwa kuyeyusha kidimbwi bila ufito, kisha apige mistari kwenye bamba, ndipo aunge vipande viwili. Mshono nadhifu ni tunda la miezi, na kazi inayobeba uhai wa watu hungoja zaidi.

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka 1985 hadi mtaala wa umilisi wa leo, tumeihubiri kazi ya mikono bila kuihubiri subira yake. Walimu, semeni haya siku ya kwanza, msije mkapoteza mafundi kwa ahadi tamu. Nanyi wanafunzi, msikitupe kipande cha kwanza kilichotoboka. Kiandikeni tarehe, mkilinganishe na cha mwezi wa sita. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.