Sotoka ya kondoo: Chanjo ipo, kazi ni kuifikisha

MWAKA 2011 dunia ilitangaza kutokomezwa kwa sotoka ya ng'ombe. Ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008, bado inawatia wafugaji hasara.

Kondoo aliyeambukizwa hupata homa, hutokwa kamasi na vidonda mdomoni, kisha huharisha. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo, lakini sindano moja ya chanjo humkinga kwa takriban miaka mitatu.

Kikwazo ni kwamba chanjo ya kawaida huharibika isipohifadhiwa kwenye ubaridi, ilhali makundi mengi huhama kufuata malisho, mbali na umeme. Lengo la kimataifa la kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030 litategemea sanduku la barafu kuwahi kufika malishoni.