Subira haikuamrishwa ili mtu augue

Ndugu msomaji, safu hii imezoea kuzungumzia maji ya kuchemsha, vyoo na mbu. Leo tuingie chumbani, kwani yapo maradhi yanayoanzia humo na dawa yake haiuzwi duka la dawa.

Jirani yangu mmoja hapa Tandika, mama wa makamo, alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza. Kwa pesa ile watoto walikula na kodi ya chumba ilitimia. Mumewe akirudi jioni, neno lake lilikuwa moja: "Wewe humu ndani kazi yako nini?" Hakuwa mlevi wala hakuwa akimpiga. Ila kwa miaka tisa mama yule hakupata kusikia "ahsante", na mbele ya wageni aliitwa mjinga. Alipokwenda zahanati kwa kichwa kilichomuuma miezi mitatu, kipimo cha presha kilisoma 180 kwa 110. Muuguzi akamuuliza kama anakula chumvi nyingi. Akajibu kuwa yeye halali usiku.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba dharau peke yake ndiyo iliyompa presha. Presha ina mambo mengi: umri, unene, chumvi, urithi wa ukoo. Lakini mtu anayeishi kwa hofu na uchungu kila siku, mwili wake hutoa kemikali zilezile za mtu anayekimbizwa na mbwa. Moyo hupiga mbio, mishipa hubana, usingizi hukatika. Mbwa akishapita, mwili hutulia. Mume asipopita je? Hapo tena mtu huacha hata kujitunza. Haogi kwa wakati, hali vizuri, vidonge vya presha anavisahau kabatini.

Wengi pia husema mawazo ndiyo yaleteayo vidonda vya tumbo. Hapa turekebishe kidogo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria, jambo lililowapatia madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki. Sasa fikiria mama ambaye kila jioni kichwa kinamgonga kwa maneno ya mumewe, naye kila jioni anatuma mtoto dukani amletee vidonge hivyo, anavimeza bila kula. Maneno hayakutoboa tumbo, lakini ndiyo yaliyomfikisha kwenye vidonge.

Na mara nyingi maneno hayaishii kwenye maneno. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 uliwahoji wanawake wa nchi 10, na kwa Tanzania ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Hapa Dar, wanawake 41 katika kila 100 waliowahi kuwa na mume au mwenza walisema amewahi kuwapiga au kuwaingilia kwa nguvu. Waliofanyiwa hivyo ndio waliolalamikia zaidi maumivu, kizunguzungu na kusahausahau.

Mama wa namna hii akienda kwao kushitaki, ataambiwa asubiri. Kisha atasomewa hadithi ya mwanamke anayeomba talaka kwamba hatainusa harufu ya Pepo. Wasomaji hao hupunguza sauti wanapofika kwenye maneno "bila ya sababu", nayo yamo katika hadithi hiyohiyo. Qur'an nayo, Suratul Baqara aya ya 229, imempa mume njia mbili tu, kukaa na mkewe kwa wema au kumwacha kwa wema. Ya tatu, ya kumweka ndani na kumdharau, haimo.

Tukumbuke kisa cha Bi Barira. Alikuwa mtumwa, Bibi Aisha (RA) akamwacha huru, na kwa uhuru ule akapata hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Akaamua kuondoka. Mughith alimpenda mno, akawa anamfuata katika njia za Madina akilia hadi machozi yakamlowesha ndevu. Mtume (SAW) alimwonea huruma, akamwambia Barira laiti angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume (SAW) akasema yeye anaombea tu. Barira akajibu kuwa hana haja naye, na hakuna aliyemlaumu. Ikiwa Mtume wa Allah hakumlazimisha mwanamke kumrudia mume anayemlilia, sisi wajomba na mashangazi wa Temeke na Kinondoni tumepata wapi ubavu wa kumrudisha binti kwa mume asiyemjali?

Wanaume nao wamo. Yupo kijana anashinda juu ya bodaboda, akileta hesabu nyumbani anatupiwa usoni kwamba mume wa fulani kajenga Mbagala. Naye presha inampata, tena yeye zahanati haendi kabisa.

Turudi kwenye lile swali la mume wa jirani yangu, maana lilishajibiwa kortini. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kupika, kufua na kulea ni kazi. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa ametapanya pesa alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara. Hata hivyo waliokuja nyuma yake wamenufaika na hukumu hiyo hadi leo.

Kwa hiyo anayeondoka asitoroke usiku kama mwizi. Aanze na wazee wa pande mbili, kisha Baraza la Usuluhishi, ambalo sheria imelitaka kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, na sisi Waislamu tunayo ya BAKWATA. Kama anayetaka kutoka ni mke na mume hana kosa la wazi, ipo khului, kwa kurejesha mahari. Pale Temeke kipo pia kituo cha mahakama cha mirathi na familia, kilichoanza kazi mwaka 2021. Lakini palipo na kipigo asingoje kikao, atoke kwanza aende polisi na hospitali.

Siku ya kuhama achukue cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto na risiti za vitu alivyonunua. Na vile vidonge vya presha asiviache kabatini. Jirani yangu sasa yuko kwao Mtoni, vitumbua bado anakaanga, na anaendelea kuvimeza.