Kamera Uliyoilipia Ni Yako Yote

Upo uongo mmoja ambao wapiga picha wetu wameuzoea mno hata hawautambui tena kuwa ni uongo. Uongo huo husema kwamba kamera iliyozeeka dukani imezeeka pia kazini, na kwamba mwenye kutaka video yenye hadhi ya sinema hana budi kukopa fedha anunue kamera mpya, kisha baada ya miaka miwili akope tena. Vijana wenye studio ndogo, wanaoishi kwa kupiga picha za arusi na za nyimbo za muziki, wanabeba madeni ya namna hii. Yafaa tuchunguze uongo huu umetoka wapi, na ni nani anayeneemeka kwao.

Mwezi Septemba mwaka 2008 kampuni ya Canon ya Japani ilitangaza kamera iitwayo EOS 5D Mark II. Ilikuwa kamera ya picha za mnato, lakini iliweza pia kurekodi video ya pikseli 1920 kwa 1080, kwa kutumia kihisi chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35. Nikon walikuwa wamewatangulia kwa majuma machache na D90 yao, lakini kamera ya Canon ndiyo iliyowashtua watu wa sinema. Hata hivyo ilitoka kiwandani ikiwa imefungwa mikono. Ilirekodi kwa fremu 30 kwa sekunde tu, wala mpiga picha hakuruhusiwa kuamua mwenyewe kiasi cha mwanga wakati wa kurekodi video. Wateja wakapiga kelele. Mwezi Juni mwaka 2009 kampuni ikatoa programu mpya iliyompa mpiga picha mamlaka hayo. Mwezi Machi mwaka 2010 ikatoa nyingine iliyoongeza fremu 24 na 25 kwa sekunde.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Hakuna aliyefungua kamera kwa bisibisi. Hakuna kilichoongezwa, hata skrubu moja. Kifaa ni kile kile, kihisi ni kile kile, lenzi ni ile ile. Kilichobadilika ni programu iliyomo ndani, yaani zile amri zinazoiambia kamera lifanye lipi na liache lipi. Basi kampuni yenyewe ilithibitisha kwa mkono wake kwamba mpaka wa kamera haukuwekwa na chuma wala kioo.

Mwaka huo huo wa 2009 Mmarekani mmoja, Trammell Hudson, aliandika programu aliyoiita Magic Lantern kwa ajili ya 5D Mark II. Aliitoa bure, pamoja na maandishi yake yote, chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Programu hiyo haifuti ile ya kiwandani. Hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu, na kamera inapowashwa huingia na kufanya kazi pamoja na ile ya mwenye kiwanda. Mwanzoni iliongeza mambo ambayo fundi yeyote wa sinema angeyaona ya lazima: kipimo cha sauti, na mistari inayoonyesha mahali ambapo mwanga umezidi. Baadaye watu wengine wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakaipokea kazi hiyo na kuipeleka kwenye kamera nyingine.

Kisa cha EOS 50D ndicho kinachonikera kuliko vyote. Kamera hiyo nayo ilitangazwa mwaka 2008, ikauzwa kama kamera isiyo na video kabisa. Aliyeinunua aliambiwa kwamba akitaka video atafute kamera nyingine. Wale wa Magic Lantern walipoichunguza wakakuta kwamba inaweza kurekodi video, na baadaye hata video ghafi, ingawa bila sauti kwa sababu haina maikrofoni. Mteja alikuwa ameuziwa nyumba ya vyumba vitatu, akakabidhiwa funguo mbili, na chumba cha tatu kikapakwa chokaa ili kifanane na ukuta.

Kisha ukaja mwezi Mei mwaka 2013. Waandishi wa Magic Lantern waligundua njia ya kuyachukua maelezo ya picha jinsi yanavyotoka kwenye kihisi na kuyaandika moja kwa moja kwenye kadi, kabla kamera haijayabana na kuyapunguza. Hiyo ndiyo iitwayo video ghafi. EOS 5D Mark III, iliyotoka mwaka 2012, ikaweza kutoa fremu kamili za 1920 kwa 1080, kila pikseli ikiwa na biti 14. Maana yake ni kwamba kila pikseli inaweza kubeba ngazi 16,384 za mwanga, wakati video ya kawaida ya kamera hiyo hiyo ina biti 8, yaani ngazi 256. Tena katika video ya kawaida, maelezo ya rangi hayahifadhiwi kwa kila pikseli. Pikseli nne hugawana rangi moja. Kwa fremu 24 kwa sekunde video ghafi huandika kiasi cha megabaiti 87 kila sekunde. Programu ya kiwandani, hata ikiwekwa kwenye ubora wake wa juu kabisa, huandika zipatazo 11.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu na hayamhusu mwananchi wa kawaida. La hasha. Yanamhusu kila mwenye ngozi nyeusi aliyewahi kupigwa picha akiwa amesimama karibu na shela nyeupe chini ya jua la saa saba mchana. Kamera huogopa weupe wa nguo na kupunguza mwanga. Uso wa bwana arusi hushuka gizani. Na kwa kuwa video iliyobanwa huanza kutupa maelezo kule kule gizani, fundi akijaribu baadaye kuuinua uso huo hupata vipande vya mraba na rangi ya tope. Katika video ghafi maelezo ya kivuli yangalipo, na uso hurudi ukiwa uso. Jambo hili lina historia yake. Enzi za filamu, kadi ambazo Kodak ilizitumia kusawazishia rangi katika maabara zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi iliyo sawa. Anayekubali kwamba kamera imwamulie nini kihifadhiwe na nini kitupwe, anakubali pia macho ya yule aliyeipanga.

Kwa nini basi uwezo huu ulifungiwa? Tazama bei. 5D Mark III ilitoka kwa dola 3,500. Mwezi Novemba mwaka 2011 Canon walikuwa wametangaza kamera yao ya sinema, C300, kwa bei ya dola 20,000, nayo ilirekodi kwa biti 8. Mwaka 2012 wakatangaza EOS-1D C kwa dola 15,000, wakati 1D X, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja, ilikuwa dola 6,800. Sisemi kwamba C300 haikuwa na thamani yake. Ina matundu ya maikrofoni za kazi na vichujio vya mwanga, na hurekodi saa nyingi bila kulalamika. Lakini mtu hahitaji shahada ya uchumi kuona kwamba ngazi ya bei ya namna hiyo haiwezi kusimama iwapo kamera ya ngazi ya chini itaachwa itoe kila ilicho nacho. Na mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilitoa 1D X Mark III yenye video ghafi ndani yake, na kuitangaza kuwa ni jambo jipya. Lilikuwa jipya kwa duka. Watu waliokuwa na kadi ya kumbukumbu na moyo wa kuthubutu walikuwa nalo kwa miaka saba.

Wala si Canon peke yake. Nchini Marekani kampuni ya RED ilishikilia hataza ya kurekodi video ghafi iliyobanwa ndani ya kamera. Apple ilijaribu kuipinga, ikashindwa mwaka 2019. Nikon ilishtakiwa mwaka 2022, kesi ikafutwa mwaka 2023, na mwaka 2024 Nikon ikainunua RED yenyewe. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyomalizana, na katika mazungumzo yao mwenye kamera hana kiti.

Zipo hoja za upande wa pili, nazo zinastahili kujibiwa. Inasemwa kwamba kutumia programu hii ni wizi. Wizi wa nini? Haiuzwi, haitolewi na kampuni, wala haichukui nafasi ya programu ya kampuni. Inasemwa kwamba kamera inaweza kuharibika na dhamana ikafutwa. Hatari ipo, na waandishi wa Magic Lantern wenyewe huwaonya watu kwamba wanaitumia kwa hiari yao. Lakini kamera tunazozizungumzia zina zaidi ya miaka kumi. Dhamana zake zilikwisha zamani. Inasemwa pia kwamba sasa ziko kamera mpya za bei nafuu kuliko zile za kale. Nafuu kwa nani? Kwa kijana ambaye tayari ana mwili wa kamera, lenzi mbili na betri ambazo aina yake imetumika tangu 5D Mark II, kilicho nafuu ni kile alicho nacho mkononi.

Hoja yenye uzito ni ile ya kazi. Video ghafi ni mzigo. Kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa dakika kumi na mbili hivi, na saa moja hula zaidi ya gigabaiti 300. Kamera zinazotumia kadi ndogo za SD huandika polepole zaidi, kwa hiyo mara nyingi hulazimika kupunguza ukubwa wa fremu. Sauti yafaa irekodiwe kwa chombo chake. Halafu iko kazi ya kompyuta, kwa sababu picha hutoka ikiwa imefifia kama nguo isiyopigwa pasi, na asiyejua kusawazisha rangi ataiona mbaya kuliko ile ya kawaida. Anayetaka kurekodi arusi ya saa sita kwa njia hii atakuwa amejitafutia ugonjwa. Lakini filamu fupi, tangazo, wimbo wa dakika nne, mahojiano ya mzee ambaye hatutampata tena, hizo ni kazi zinazohesabiwa kwa dakika, na hapo mzigo unabebeka.

Kwa hiyo lawama nyingine ielekezwe hapa nyumbani. Wako wenye kutoa kazi ambao swali lao la kwanza kwa kijana ni jina la kamera yake, na akiitaja ya mwaka 2012 wanacheka. Hawamwombi hata awaonyeshe picha. Kasumba hii ndiyo inayomsukuma aende kukopa. Na vyuo vinavyofundisha utengenezaji wa filamu vinafanya kosa vinapomfundisha mwanafunzi vitufe vya kamera mpya bila kumfundisha biti ni nini, kubana ni nini, na rangi hupotelea wapi. Mwanafunzi aliyetumia juma moja na 5D Mark III yenye Magic Lantern, akajaza kadi, akaishiwa nafasi, akalazimika kufikiri kabla ya kubonyeza, atajifunza hayo yote kwa mikono yake.

Na kwa makampuni ombi ni dogo. 50D, 5D Mark II na 5D Mark III hazitengenezwi tena. Hakuna soko la kulinda hapo. Yachapishwe maelezo ya programu zake, ili wanaozirekebisha waache kupapasa gizani. Kazi ya Magic Lantern, iliyokuwa imepoa kwa miaka kadhaa, ilitangazwa upya mwaka 2025, na watu hao wangali wanaisoma kamera amri moja baada ya nyingine, kwa kubahatisha, katika saa zao za mapumziko, wakitafuta jambo ambalo limeandikwa tayari kwenye jalada fulani huko Tokyo.