Kiporo Katika Fainali

Mwezi Julai 2021, katika fainali ya MasterChef Australia, shindano la televisheni la wapishi wa nyumbani, Kishwar Chowdhury aliwapakulia waamuzi panta bhat, chakula cha wakulima wa Bangladesh: wali uliolazwa majini usiku kucha. Waamuzi walikisifu, naye akamaliza wa tatu. Kwa Kiswahili, hicho ni kiporo. Je, ni mkahawa gani wa Hurlingham utakaothubutu kuliandika neno hilo kwenye orodha yake ya vyakula? Nyumbani, wali wa jana hupashwa moto ukaliwa kwa chai, tena kwa hamu. Mgeni akibisha hodi, sufuria hufichwa. Wapo watakaodai kwamba neno lenyewe ndilo duni, litafutiwe jingine la heshima. La hasha! Chowdhury hakutafuta chakula kingine. Alikiongezea samaki na viazi vya kuponda, akakipeleka mezani.